Jedwali la Ukurasa wa Sabini na Moja

Mwezi wa Juni, mwaka wa tisini na tatu, kijana mmoja aitwaye Wamalwa aliingia katika ofisi ya kupiga taipu ya Bi. Adoyo, mtaa wa Umoja, akiwa amekumbatia bahasha nene kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Ofisi ni jina la heshima tu. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya watu, chenye taipureta tatu, meza iliyolegea mguu mmoja, kalenda ya kanisa na kiti cha wageni kilichomchoma kila aliyekikalia. Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa mia moja na nane zilizoandikwa kwa mkono, tena mkono mbaya.

Mjini kulikuwa na ofisi zenye mashine za umeme zilizoweza kupiga hata alama za hesabu. Lakini Wamalwa alikuwa mwanafunzi, na hali ya mwanafunzi hakuna asiyeijua. Kwa Adoyo hakukuwa na mashine ya alama za hesabu. Kulikuwa na Koki.

Koki alikuwa na utaratibu wake. Akifika mahali penye herufi ya Kigiriki au alama yoyote ambayo mashine haina, aliacha nafasi. Si nafasi ya kubahatisha. Aliitazama alama, akaipima kwa jicho, akasogeza mashine mara tatu au mara saba kulingana na unene wake, kisha akaendelea na maneno. Kazi ikiisha, mwenye kazi alikuja na kalamu ya wino mweusi, akakalia kile kiti kibaya, akazijaza nafasi zile moja baada ya nyingine. Wanafunzi wa fizikia waliambizana kule chuoni: nenda kwa yule mama Mkamba wa Umoja, nafasi zake hazipungui wala hazizidi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mpiga taipu wa Umoja amejuaje ipi nene na ipi nyembamba. Wasomi wetu ndivyo walivyo, wanauliza habari za nyota na hawaulizi habari za mtu aliye mbele yao.

Basi habari yenyewe ni hii. Koki binti Mumo alifanya mtihani wa kidato cha sita mwaka wa themanini na moja, katika shule ya wasichana kule Machakos, na alama zake za fizikia mwalimu mkuu alizisoma mbele ya shule nzima mara mbili. Barua ya kuitwa chuo kikuu ikaja. Baba yake, dereva wa lori, mtu asiyejua kucheka na watu, alichinja mbuzi na akacheka. Kisha Agosti ya themanini na mbili ikaja na jaribio lake la kuipindua serikali. Chuo kikafungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao, na wale waliokuwa ndio kwanza wameitwa wakaambiwa wangoje. Koki akangoja. Ili asikae bure akajiandikisha kozi ya taipu mjini, miezi sita tu, alisema. Milango ya chuo ilipofunguliwa tena, baba alikuwa amepigwa na kiharusi, wadogo zake wanne walikuwa shuleni, na mshahara uliolisha nyumba ile ulikuwa wa Koki. Akasema ataenda mwaka ujao. Makaburi yamejaa watu waliosema hivyo.

Alipoulizwa, alijibu kwamba hajuti. Alilijibu swali hilo kwa uso mkavu na sauti ya kawaida, na kwa kuwa watu hawapendi kusumbuka, walimwamini.

Sasa ikaja hii tasnifu ya Wamalwa, na ilihusu haidrojeni.

Ilisema hivi. Kulikuwa na wakati, ulimwengu ulipokwisha kuanza na kupoa, ambapo hapakuwa na nyota hata moja. Lilikuwa giza tupu, na ndani ya giza hilo gesi ya haidrojeni imetanda kila mahali. Huwezi kuiona, maana hakuna cha kuimulika. Lakini chembe ya haidrojeni ina tabia moja. Ikiachwa peke yake, mara moja katika miaka milioni kumi hivi, hujigeuza kidogo ndani kwa ndani na kutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita ishirini na moja. Mara moja katika miaka milioni kumi! Ila chembe zenyewe ni nyingi hata hazina hesabu, kwa hiyo kila wakati ziko zinazotoa. Wimbi hilo huanza safari, na kwa kuwa ulimwengu wenyewe unatanuka, nalo hunyooka njiani. Likitufikia si sentimita ishirini na moja tena. Pima limenyooka kiasi gani, nawe utajua liliondoka lini. Kule India walikuwa wanajenga sahani thelathini za waya, kila moja ingefunika nyumba kumi za Umoja, zenye uwezo wa kusikiliza mawimbi marefu ya namna hiyo. Wamalwa alikuwa amepata nafasi ya kwenda huko. Kazi ya tasnifu yake ilikuwa kuonyesha mashine zitegwe kwenye urefu gani ili kuyapata mawingu ya haidrojeni ya zama zile, kabla hayajakusanyika yakawa nyota.

Ukurasa wa kwanza Koki aliupiga kama kazi. Kufikia ukurasa wa tano mikono ilikuwa imesimama juu ya mashine, anasoma. Adoyo akakohoa, Koki akaendelea. Lakini tangu siku hiyo hakuwa mzima. Alikuwa anasikia kitu kikimvuta kifuani, na alikijua, maana walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na mmoja. Ilikuwa hamu. Alitamani kukaa kwenye ukumbi wenye viti vya ngazi na kuuliza swali. Alitamani kukosea hesabu ubaoni na kuifuta kwa kiganja. Alimtamani yule Koki aliyepaswa kwenda, akamlilia moyoni kama anayemlilia ndugu.

Nyumbani mumewe aliona. Munyoki alikuwa mchonga vinyago karibu na soko la Gikomba, mtu wa mikono mikubwa na maneno ya mzaha.

"Siku hizi ni haidrojeni, haidrojeni," alisema jioni moja wakila muthokoi. "Huyo jamaa ni nani?"

"Ni gesi."

"Ya kupikia?"

"Iliyokuwako kabla ya nyota."

"Aa, basi siwezi kushindana naye. Amenitangulia sana."

Wakacheka. Kisha Munyoki akaweka kijiko chini. "Lakini kuna kitu unataka, Koki. Ni nini?"

"Sitaki kitu," Koki alisema, akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Alisimama kwenye kamba ameshika shuka lenye maji, akijichukia kwa kumdanganya mtu mwema.

Siku ya Jumanne alifika ukurasa wa sabini na moja. Palikuwa na jedwali. Upande wa kushoto ziliandikwa namba za kunyooka kwa wimbi, upande wa kulia urefu wake linapotufikia. Penye tatu Wamalwa aliandika sentimita sitini na tatu. Penye tano, mia moja na tano. Penye tisa, mia moja themanini na tisa.

Koki akaacha kupiga. Akarudi nyuma mpaka sura ya pili, ambayo alikuwa ameipiga kwa mkono wake wiki iliyopita. Pale Wamalwa mwenyewe alikuwa ameeleza vizuri kabisa kwamba namba ile huhesabu nyongeza peke yake. Wimbi lenyewe la mwanzo halimo. Ukitaka urefu wote, lazima kwanza uongeze moja. Penye tatu unazidisha kwa nne, unapata themanini na nne. Penye tano ni mia moja ishirini na sita. Penye tisa ni mia mbili na kumi. Katika jedwali kijana alikuwa ameisahau ile moja, na kurasa sita zilizofuata zilijengwa zote juu ya jedwali hilo. Angefika India, angetega mashine za watu, angesikiliza mahali pasipo na kitu. Tena asingefika. Watahini wangeliona kosa, wangemrudishia tasnifu yake, na nafasi ile ya India ilimtaka awe ameiwasilisha kufikia Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Koki alitazama huku na huku. Adoyo alikuwa anahesabu karatasi za kaboni.

Ofisi ile ilikuwa na sheria moja: kazi ya mteja haiguswi. Ilitokana na msichana mmoja aitwaye Nekesa, aliyepewa kupiga historia ya marehemu fulani. Mwanzoni iliandikwa kwamba mzee ameacha watoto saba, lakini majina yaliyoorodheshwa chini yalikuwa tisa. Nekesa, kwa wema wake, akafuta saba akaandika tisa. Kumbe wale wawili ndio waliokuwa kesi yenyewe, wenzao wakikataa kwamba ni wa mzee. Mazishi yaligeuka vita, jeneza likabaki peke yake juani, na wenye msiba wakaja Umoja kumtafuta Adoyo. Nekesa hakurudi kazini. Tangu hapo Adoyo aliwaambia wote, "Hapa tunapiga taipu. Kufikiria, kila mtu afikirie kwao."

Lakini nisimfiche Koki nyuma ya sheria ya Adoyo. Haikuwa hofu ya kazi peke yake iliyomfunga mdomo. Kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi, na alikisikia kikipanda mwilini kwa utamu. Mwache aanguke. Kwa nini yeye aende? Ana miaka ishirini na sita, hajawahi kuosha baba mgonjwa, hajawahi kulipia mtu sare ya shule, na ameisahau moja ambayo mimi nisingeisahau hata usingizini. Koki alilipiga jedwali kama lilivyo. Akapiga na zile kurasa sita. Usiku hakulala vizuri, na Jumatano alipiga sura ya mwisho huku ameuma meno.

Alhamisi saa nane mchana Wamalwa akaja na kalamu yake, amenyoa, amevaa shati la kuazima.

"Sasa madam! Imeiva?"

"Imeiva," Koki alisema.

Wamalwa akakalia kile kiti, akaanza kujaza nafasi. Alijaza huku akipiga mluzi. Kila alama ilikaa mahali pake sawasawa, na kila mara alitikisa kichwa kwa furaha. "Manze, madam, wewe uko juu. Ni kama ulikuwa unaona kalamu yangu." Koki alimtazama akigeuza kurasa. Hamsini. Hamsini na tisa. Sitini na nne. Alikuwa na furaha ya mtu anayefunga safari, na hakujua chochote, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto wa mtu. Koki akajaribu kuutafuta ule utamu wa Jumanne. Ulikuwa umegeuka shubiri.

"Wamalwa, simama hapo," alisema. "Hilo jedwali la sabini na moja lina makosa."

Kalamu ikasimama. Upande wa pili Adoyo akainua kichwa.

"Umekosea kupiga? Si mbaya, tutafuta."

"Sikukosea kupiga. Umekosea hesabu."

Wamalwa alitabasamu, tabasamu lile la adabu ambalo vijana huwapa mama zao kijijini. "Madam, hizo ni vitu za deep kidogo. Prof mwenyewe ameziona."

"Prof aliziona au alipitisha macho?"

"Koki," Adoyo akaita. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya hatari. "Nyar Ukambani, binti wa Ukambani, tumeongea nini hapa?"

Koki alimwona akilini Nekesa akitoka mlango ule na mkoba wake. Lakini alikuwa amekwisha fungua mdomo, na maneno ya miaka kumi na mmoja hayarudi ndani kirahisi.

"Ninyi wawili tazameni nje," alisema. "Ile nyumba ya jirani yetu Magan. Baraza la jiji lilimpa chumba kimoja. Ameongeza vitatu, tumemwona wote akiongeza. Sasa Magan ana vyumba vingapi?"

Wamalwa alitazama nyumba, akamtazama Koki, asijue kama anafanyiwa mzaha.

"Vinne!" Adoyo akasema kwa hasira. "Hata mtoto wa nasari anajua ni vinne! Hiyo inahusu nini?"

"Huyu ameandika vitatu," Koki alisema.

Wamalwa aliangalia jedwali. Midomo yake ilianza kwenda bila sauti. Akafungua nyuma, sura ya pili, akasoma alichoandika mwenyewe. Akarudi. Akachukua karatasi chafu mezani akazidisha, akazidisha tena, na Koki aliona uso wake ukisawijika.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu. Miezi minane nimeangalia hii kitu."

"Sasa imejulikana."

"Kesho ni deadline. Madam, kesho!"

"Basi toka kwenye hicho kiti uniletee karatasi," Koki alisema.

Walifanya kazi mpaka saa kumi na moja na nusu. Koki alipiga upya, Wamalwa akakokotoa upya, na Koki akamrekebisha mahali pawili na yeye akamrekebisha Koki mahali pamoja, wakabishana kwa sauti juu ya ukurasa wa sabini na tano mpaka muuza mboga wa mlangoni akachungulia. Adoyo hakuwazuia. Wakati fulani aliwawekea chai mezani, akarudi kwake, na kwa mtu wa tabia ya Adoyo hayo yalikuwa mengi. Koki alikuwa na furaha iliyomtia hofu. Alijua ina saa zake, na aliisikia ikipungua kila ukurasa ulipotoka kwenye mashine.

Ukabaki ukurasa mmoja, ule wa shukrani. Wamalwa hakuwa ameuandika. Alisimama nyuma ya Koki na kumtajia maneno, naye akapiga. Akamshukuru msimamizi wake. Akamshukuru mama yake kule Bungoma. Akawashukuru wenzake wa darasa.

"Na sasa andika," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Namshukuru pia Bi. Koki, mpiga taipu, kwa subira yake."

Mikono ya Koki ilibaki hewani.

"Ni nini? Nimesema vibaya?"

Koki aligeuka kwenye kiti. Hakuwa amepanga kusema. "Mimi sikuwa na subira, Wamalwa. Unanisingizia. Niliitwa chuo hichohicho, idara hiyohiyo, mwaka wa themanini na mbili. Nikangoja, halafu sikwenda. Nimepiga kurasa zako mia moja na nane nikikuonea wivu katika kila ukurasa. Kosa lako nililiona Jumanne. Nilinyamaza siku mbili nikitaka uanguke."

Nje mtu alikuwa anapigilia mabati, nyundo kwa nyundo.

"Nilitaka kwenda," Koki alisema, na sasa machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. "Nawaambia watu sijuti. Najuta kila siku ninayoamka. Nilitaka sana kwenda, na mpaka leo nataka."

Adoyo aligeukia dirishani, akajishughulisha na pazia lisilokuwa na shida. Kijana alibaki amesimama na kalamu yake, aibu imemjaa, na kwa mara ya kwanza tangu alete bahasha ile alimtazama Koki sawasawa.

"Sasa niandike nini?" akauliza polepole. "Nikiandika kwamba ni wewe ulipata kosa, Prof ataniuliza... Lakini nitaandika. Ukitaka nitaandika."

"Usiandike kosa. Usiandike subira. Andika jina langu."

"Bi. Koki."

"Jina langu lote."

Wamalwa alisita. "Sijui jina lako lote," alisema.

"Koki Mumo."

"Koki Mumo," kijana akarudia, akimtajia ili apige.

Kwa miaka tisa, kwenye mashine ile, Koki alikuwa amepiga majina ya maharusi na ya marehemu, ya wachungaji, ya watu wanaodaiwa kodi na ya wanafunzi waliokuwa wakienda mbele. La kwake hakuwahi kulipiga. Alilipiga polepole, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na lilipokamilika hakuweza kuitoa ile karatasi.